Natafuta spea za Lister ya baba (CS 6/1), imelala Kibosho tangu 1996

Kitindamimba
9 Agosti, saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Niko Kibosho, Moshi. Nyuma ya jiko la marehemu baba kuna injini ya Lister ambayo haijaunguruma tangu 1996. Baba aliinunua miaka ya 1970 kutoka shamba la kahawa la mlowezi, kipindi kile mashamba yanataifishwa. Kwanza iliendesha mashine ya kumenya kahawa, baadaye akaifungia kinu cha kusaga mahindi. Tukiwa shule ya msingi tulikuwa tunaisikia toka ng'ambo ya korongo, na ikikatika ghafla ujue mkanda umechomoka na baba leo hasemeshwi.

Kibao cha shaba kinasomeka CS 6/1, 650, Dursley (mji wa Uingereza ilikotengenezwa). Ina flaiwili mbili kubwa (yale magurudumu mazito ya pembeni), pipa la maji la kupoozea limeoza, na rangi ya kijani pale ambapo kutu haijafika.

Kaka zangu walioko Dar wanasema iende skrepa, na kuna kijana ameshafika laki nne. Nimekataa. Desemba wakipanda nyumbani nataka waikute inafanya kazi.

Hali yake: pistoni iliganda. Tulimwagia dizeli na oili nyepesi kwa juu wiki tatu, ikaachia kwa kugongwa na kipande cha gogo. Ringi mbili za pistoni zimetoka vipande. Gasketi ya silinda hedi imeoza. Nozo ya kupulizia dizeli haipulizi, inakojoa. Halafu pembeni ya hedi kuna kigurudumu cha chuma kama cha koki, kimekamata hakizunguki. Fundi anasema ni kizibo tu, tukichomelee tusahau.

Nimezunguka maduka ya spea Moshi mjini siku mbili. "Lister? Hiyo ni gari gani?" Mmoja akataka nimletee namba ya chesisi.

Mwenye kujua zinapatikana wapi, tafadhali.

Mpita Njia
9 Agosti, saa 2:31 usiku

Naweka kigoda hapa. Ngoja waje wenye oili kwenye kucha.

Dizeli_Baridi
9 Agosti, saa 3:05 usiku

Mkuu, ingekuwa Land Rover ningekusaidia kabla hujanywa chai. Mimi niko Sakina, Arusha, nina Series III ya petroli, ile 2.25 yenye cc 2286, na nakwambia kweli spea zake ni rahisi kuliko za hizi gari za juzi. Wazungu wameipenda mpaka kuna watu wanaishi kwa kutengeneza upya kila kikorokoro chake. Kwenye lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha mimi nilirudi nyumbani na distribyuta ya Lucas kwenye mfuko wa rambo, nimeuziwa na mtu tuliyekutana kwenye foleni ya nyama choma.

Lister yako haina bahati hiyo. Haiendi kokote, imekaa tu, nani ataipigia picha?

Ila kuna mlango mmoja: India. Wale jamaa wa Rajkot, kule Gujarat, wamekopi hiyo injini miaka nenda rudi. Tafuta mtu anayeleta mzigo toka kule.

Kitindamimba
9 Agosti, saa 3:12 usiku

Asante sana kaka. Halafu mimi ni dada 🙂

Dizeli_Baridi
9 Agosti, saa 3:14 usiku

Duh. Samahani dada'angu. Sasa ndio nimezidi kuheshimu huo mradi.

Mzee wa Tengeru
10 Agosti, saa 11:40 alfajiri

MSICHOMELEE HICHO KIGURUDUMU.

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeshtuka kweli, hata chai sijanywa.

Mwanangu, hicho siyo kizibo. Hiyo ni valvu ya kubadilisha mgandamizo. Nyuma yake kuna kachumba kadogo ndani ya hedi. Ukiikaza mpaka mwisho, kachumba kanafungwa, hewa inabanwa zaidi, injini inawaka kwa urahisi hata asubuhi ya baridi ya huko kwenu juu. Kazi nzito ikianza, unaifungua, mgandamizo unashuka, injini inavuta bila kujiumiza. Baba yako alikuwa anakizungusha kila siku. Fundi wako akikichomelea kikiwa wazi, itakusumbua kuwasha maisha yako yote. Weka mafuta ya kulegeza, pasha moto hedi taratibu ikiwa imetolewa, kizungushe nyuma na mbele kidogo kidogo. Kitaachia.

Na hicho ndicho kinachonipa imani kwamba unayo yenyewe ya Uingereza. Kopi nyingi za India hazina.

Mimi nilikuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya kahawa upande huu wa Arusha tangu 1974. Hiyo 6/1 maana yake nguvu za farasi 6, silinda 1. Ilianza kutoka Dursley karibu na 1930 na waliendelea kuitengeneza zaidi ya miaka hamsini bila kuibadilisha sana. Hiyo ndiyo bahati yako. Injini ya mwaka mmoja ukikosa spea yake umekosa. Hii spea zake zilitapakaa dunia nzima.

Sasa kosa lako liko kwenye swali. Umeingia duka la spea za magari ukauliza "mna Lister?" Kijana wa kaunta amezaliwa baada ya injini yenyewe kunyamaza, atakujibu nini? Usiulizie spea. Ulizia vinu. Keti na wazee wa Kibosho, Uru, Kilema, Marangu, uliza: zamani, kabla ya umeme na kabla ya injini za Kichina, nani alikuwa anasaga? Misheni gani ilikuwa na jenereta? Shamba gani lilikuwa na pampu ya maji? Kila mwenye Lister alikuwa na kasha la spea, kwa sababu ukiharibikiwa msimu wa kahawa hukuwa na muda wa kusubiri meli. Injini waliuza kwa kilo. Kasha halikuuzwa, ni jepesi, liko chini ya kitanda cha mjane fulani, limewekewa viatu juu.

Kitindamimba
10 Agosti, saa 1:20 asubuhi

Shikamoo mzee wangu. Nimempigia fundi simu nikamwambia aache kila kitu. Tayari alikuwa ameshaazima mashine ya kuchomelea.

Mzee wa Tengeru
10 Agosti, saa 1:26 asubuhi

Marahaba mwanangu. Sasa naweza kunywa chai.

FundiPasua
10 Agosti, saa 7:50 mchana

Nachonga vyuma hapa Pasua, Moshi, mwaka wa kumi na tisa huu. Nakubaliana na mzee, ila naongeza la kwangu: kabla hujaenda chini ya vitanda vya wajane, jua vipimo vyako. Spea ya kizamani haitafutwi kwa jina. Ukiniambia "nataka ringi ya Lister" sina. Ukiniambia kipenyo, unene wa ringi na kina cha mfereji wake kwenye pistoni, tunaanza kuongea.

Silinda ya 6/1 ni inchi 4.5, yaani milimita 114.3. Mwendo wa pistoni inchi 5.5, milimita 139.7. Hayo ni ya kiwandani. Yako ni ngapi leo hujui mpaka ipimwe juu, kati na chini, kila mahali mara mbili kwa msalaba, maana silinda hailiwi sawasawa. Juu ndiko inakoliwa zaidi, pale ringi ya kwanza inapogeuzia.

Beringi usihangaike nazo. Ile krenki inakaa kwenye beringi za roli za mshazari, na beringi zina namba kwenye uso wake. Futa grisi, soma namba, nenda duka lolote la beringi Moshi au Arusha, taja namba. Beringi haina kabila, haijali imetoka kwenye Lister au kwenye tela la trekta. Oili sili nayo ni hivyo hivyo, pima tundu la ndani, kipenyo cha nje na unene, utapata.

Vile vipande vya ringi umevitunza? Sema umevitunza.

Kitindamimba
10 Agosti, saa 8:15 mchana

Fundi alivitupa. Nimekwenda kuchakura kwenye lundo lake la vyuma, nimepata vipande vitatu. Kimoja sina uhakika kama ni chetu.

FundiPasua
10 Agosti, saa 8:22 mchana

Huyo fundi wako...

Leta hivyo vitatu pamoja na pistoni na silinda. Usifute masizi kwenye mifereji ya pistoni kwa msasa, yakwangue kwa kipande cha ringi hiyo hiyo iliyovunjika.

Mangi wa Ngarenaro
10 Agosti, saa 3:40 usiku

Mbona mnazunguka? Injini ya Kichina ZS1115, zile zimejaa kwenye vinu siku hizi, silinda yake ni milimita 115. Na hii 114.3. Tofauti ni milimita 0.7 tu. Chukua ringi za Mchina pale dukani, zipo kila kona, piga tupa ncha kidogo, ingiza, maisha yaendelee. Nimefanya sana.

FundiPasua
10 Agosti, saa 4:10 usiku

Mangi, wazo lako nimeshalifikiria usiku mwingine kama huu, na lina mvuto kweli. Sasa twende na hesabu.

Ringi ya kipenyo cha 115 ukiileta kwenye 114.3 unatakiwa kupunguza mzingo kwa 0.7 mara 3.14. Hiyo ni milimita 2.2 za kupiga tupa. Ukishapunguza hivyo ringi haina tena duara lake. Itagusa ukuta sehemu na kuachia sehemu nyingine, na moto utapita kwenye hayo maachio. Nusu milimita ya mzingo nakubali. Mbili na zaidi ni kujidanganya.

Njia ya pili ni kukereza silinda ifike 115 kamili. Hiyo ni kazi safi, nyama ipo. Lakini kuna unene. Mfereji wa pistoni ya Lister ni mpana, ringi ya Mchina ni nyembamba. Itacheza humo ndani kama ulimi wa kengele mpaka ivunje kingo. Labda uweke na pistoni nyingine, na hapo konrodi, pini, na uzito wa pistoni vyote vinabadilika. Utakuwa na Mchina amevaa kanzu ya Mwingereza.

Mangi wa Ngarenaro
10 Agosti, saa 4:18 usiku

Mimi yangu inasaga mpaka leo.

FundiPasua
10 Agosti, saa 4:19 usiku

Inakula oili kiasi gani kwa wiki?

Mangi wa Ngarenaro
10 Agosti, saa 4:33 usiku

Tusifike huko mkuu 😂

Mchuuzi wa Chuma
12 Agosti, saa 2:05 asubuhi

Habari zenu. Mimi ni wa upande wa adui, nanunua chuma chakavu Unga Limited. Niseme ukweli, Lister nimezipitisha hapa si chini ya saba. Huwa tunazivunja kwa nyundo kwa sababu flaiwili haipiti mlango wa gari. Ningejua kuna mtu analilia ringi...

Kwa sasa nina kitu kimoja cha kukusaidia dada: nina bati la shaba nyekundu, limetoka kwenye tangi la maji moto la hoteli. Gasketi ya hedi inaweza kukatwa hapo.

Mzee wa Tengeru
12 Agosti, saa 2:40 asubuhi

Huyu adui ana akili. Shaba ni sawa kabisa, lakini sikilizeni mambo mawili.

La kwanza, unene. Pima kilichobaki cha gasketi ya zamani mahali palipobanwa, ufuate huo. Unene wa gasketi ndio unaoamua nafasi kati ya pistoni na hedi. Ukiweka nyembamba, pistoni itabusu hedi. Kabla ya kuwasha, weka vipande vya waya laini wa risasi juu ya pistoni, funga hedi, zungusha flaiwili kwa mkono mzunguko mmoja, fungua, pima waya ulivyobanwa. Ndivyo tulivyofanya miaka yote na hakuna kompyuta iliyotusaidia.

La pili, shaba ikishakatwa na kugongwa inakuwa ngumu. Ipashe moto mpaka ianze kuwa nyekundu gizani, kisha itumbukize kwenye maji. Chuma ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu, shaba inalainika. Vijana wengi hawaamini mpaka waikunje kwa vidole.

Na hiyo gasketi iliyooza, iloweshe maji kabla ya kuikwangua, usipulize vumbi lake. Gasketi za zamani zilikuwa na asbesto.

FundiPasua
16 Agosti, saa 12:30 jioni

Dada amefika karakana leo na silinda ndani ya Noah, amekaa nayo siti ya nyuma, imefungwa mkanda kama mgonjwa.

Vipimo: chini 114.32, kati 114.45, juu 114.62. Kwa injini iliyosaga mahindi ya kijiji kizima hiyo ni heshima. Pistoni ni nzima. Beringi za konrodi zina michirizi lakini babiti, ile metali laini ya ndani yake, bado imeshika, nimezipaka wino wa bluu nikakwangua sehemu zilizojitokeza, zitatosha. Kuna mtu amemshauri ayeyushe risasi ya betri amwagie upya. Jamani hapana. Babiti ni bati pamoja na antimoni na shaba. Risasi ya betri ni laini, itatandikwa kama siagi ndani ya siku moja.

Lakini kuna jambo limeniudhi. Tundu moja la bolti ya nusu inchi kwenye kitako cha injini limeharibiwa. Fundi wa mwanzo, simjui na sitaki kumjua, bolti ilimkatalia, akapitisha tapu (chombo cha kukata uzi ndani ya tundu) ya Kimarekani kwa nguvu.

Sasa uzi huu wa jukwaani tuuache kidogo, tuongelee uzi wa bolti, wengine mnaita thredi. Injini hii ni ya Whitworth, mtindo wa Kiingereza tangu 1841, pembe ya meno digrii 55. Wa Kimarekani ni digrii 60. Mtego uko hapa: saizi nyingi idadi ya meno kwa inchi inalingana. Robo inchi zote ni 20. Tatu ya nane zote ni 16. Tano ya nane zote ni 11. Kwa hiyo fundi anaingiza bolti ya Kimarekani, inakubali, anajiona ameshinda. Akifika kwenye nusu inchi, Whitworth ina meno 12 na Mmarekani ana 13. Inaingia mizunguko miwili, mitatu, inagoma. Hapo mwenye busara anasimama. Asiye nayo anachukua spana ndefu.

Ukitaka kujua bila kununua kifaa, laza bolti kando ya rula ya inchi, hesabu meno ndani ya inchi moja. Basi. Mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Spana nazo ni kizungumkuti. Za Whitworth zimeandikwa kipenyo cha bolti, siyo upana wa kichwa. Nusu inchi yake ina kichwa cha karibu milimita 23.4. Spana 23 haiingii, 24 inacheza na kula kona. Ndiyo maana nati nyingi za injini hizi ni za mviringo sasa.

Hilo tundu nitalipanua, nichonge bushi ya chuma yenye uzi nje na ndani, ndani iwe 12 sahihi. Tapu ya Whitworth ninayo, niliachiwa na marehemu aliyenifundisha kazi.

Dizeli_Baridi
16 Agosti, saa 1:15 usiku

Kumbe ndiyo maana! Mimi kwenye gari nilikata bolti mbili mwaka jana nikalaumu chuma.

FundiPasua
16 Agosti, saa 1:21 usiku

Halafu jambo la kuchekesha, watu wanasema Whitworth imekufa. Kila fundi bomba Moshi anabeba Whitworth mfukoni na hajui. Nyuzi za mabomba ya maji tunayotumia, za BSP (kipimo cha Kiingereza cha mabomba), ni digrii 55 zile zile. Nusu inchi ya bomba ina meno 14. Kwa hiyo viungo vya maji vya hiyo Lister dada usiviagize popote, nenda duka la vifaa vya ujenzi.

Mpita Njia
16 Agosti, saa 1:30 usiku

Nimejifunza mengi kuliko miaka minne ya chuo.

Kitindamimba
7 Septemba, saa 3:00 usiku

Mrejesho.

Wiki tatu nimekuwa mbea wa vinu. Jumapili baada ya ibada nasimama na wazee nje, nauliza nani alikuwa anasaga. Nimegundua kwamba mzee ukimuuliza habari za injini anakupa dakika mbili, ukimuuliza habari za kinu anakupa saa mbili, na mbege juu.

Kinu cha kwanza: kasha lipo, lina misumari na redio. Cha pili, upande wa Uru, mtoto wa mwenye kinu alishauza kila kitu. Cha tatu ni kwa mama mmoja huku huku Kibosho, mumewe alikuwa na Lister, iliuzwa kwa kilo mwaka ambao simu za mkononi zilikuwa zinaanza kuingia. Nilipomwambia nimefuata nini alinyamaza, akaingia chumbani, nikasikia kitu kinaburutwa.

Kasha la mbao. Ndani: valvu mbili zilizopakwa grisi iliyogeuka nta. Springi. Nozo moja kwenye kikopo cha bati. Na ringi seti moja nzima, zimefungwa karatasi ya mafuta na kamba ya katani, karatasi imeandikwa namba kwa wino wa zambarau.

Nikamuuliza bei. Akasema, "Ulikuwa unakuja hapa na ndoo ya mahindi, ulikuwa unaogopa mkanda ule." Hakutaja bei. Nilimwachia pesa chini ya sahani nikamwahidi siku ikiwaka nitamfuata.

Mzee wa Tengeru, siyo chini ya kitanda. Ilikuwa juu ya kabati. Lakini viatu vilikuwepo.

Mzee wa Tengeru
7 Septemba, saa 3:25 usiku

😀 Kabati nalo limo.

FundiPasua
9 Septemba, saa 10:05 jioni

Ringi nimezipokea, ni saizi ya kawaida, hazijaguswa. Unene ni wenyewe kwenye mfereji.

Sasa penyewe. Pengo la ncha za ringi kwa silinda ya inchi 4.5 nalitaka karibu milimita 0.4. Ringi hupimwa ndani ya silinda, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha unaingiza fila geji, vile vibamba vya kupimia pengo. Wengi wanapima juu kwa sababu ndiko mkono unafika. Pima chini, ambako hapajaliwa. Ukipima juu ukaona pengo zuri, ikishuka chini ncha zinagongana, ringi inakwama au inavunjika. Huenda ndicho kilichovunja zile za mwanzo, kuna mtu alibadilisha zamani akapima juu.

Chini nimepata 0.45. Safi. Juu, kwa sababu silinda imepanuka 0.3, pengo linaongezeka karibu milimita moja, yaani 1.4. Hiyo si nzuri. Nimemwambia dada ukweli: tukitaka mambo ya kitaalamu, silinda iwekwe slivu mpya, yaani ukuta mpya wa ndani, na irudishwe kwenye 114.3. Gharama yake inazidi kila kitu alichotumia mpaka sasa.

Mzee wa Tengeru
9 Septemba, saa 11:30 jioni

Fundi, unasema kweli, ila hii inazunguka 650 tu kwa dakika, na yeye hasagi kibiashara. Itatoa moshi kidogo ikiwa baridi, ikipata joto itatulia. Mimi nimeendesha zilizochakaa kuliko hiyo misimu mitatu. Afunge. Slivu ije mwaka akipata pesa.

FundiPasua
9 Septemba, saa 11:41 jioni

Mzee nakuheshimu, lakini jina la karakana litakaloandikwa kwenye huo moshi ni langu.

Kitindamimba
9 Septemba, saa 12:10 jioni

Kaka Fundi, nitasema nilikulazimisha. Funga.

Wa_Namanga
10 Septemba, saa 4:00 asubuhi

Nimechelewa uzi. Kwa wengine mnaotafuta: Nairobi kando ya Kirinyaga Road kuna watu wanaleta spea za hizo kopi za India. Nilinunua hedi pale mwaka juzi. Vipimo vya inchi viko karibu na vyenyewe lakini msiamini, pimeni kila kitu kwa kalipa kabla hamjalipa. Na ioshe. Yangu niliigonga ikadondosha mchanga wa kalibu, kijiko kizima. Mchanga ule ukiingia kwenye oili, injini umeizika mwenyewe.

Kuagiza Uingereza kwenyewe kunawezekana pia, wapo wanaoshughulika na Lister tu. Piga hesabu ya usafiri, ushuru, na VAT asilimia 18 juu yake. Kwa kitu kidogo kama plenja ya pampu inalipa. Kwa flaiwili, sahau.

Kitindamimba
10 Septemba, saa 4:20 asubuhi

Asante. Pampu namshukuru Mungu ilikuwa nzima, imesafishwa tu. Nozo ya kwenye kikopo nimepeleka Arusha kwa mafundi wa pampu wakaipima kwenye mashine yao. Kijana akanionyesha: ile ya zamani inatoa mchirizi, hii inatoa ukungu na mlio kama mjusi.

Mzee wa Tengeru
10 Septemba, saa 4:45 asubuhi

Usije ukaijaribu mkononi. Dizeli ikitoka kwenye nozo kwa nguvu ile inapenya ngozi kama sindano, na kidonda chake hospitali nyingi hawakielewi haraka.

Kitindamimba
22 Desemba, saa 1:50 usiku

Wakuu, shikamooni wenye shikamoo zenu.

Leo asubuhi. Pipa jipya la maji, tumejaza. Kigurudumu cha Mzee wa Tengeru kimekazwa mpaka mwisho, kinazunguka kwa vidole viwili sasa. Fundi Pasua amekuja mwenyewe na spana zake za kurithi. Kaka zangu wote watatu wamesimama na simu, yule mkubwa anacheka.

Valvu ya kutolea moshi ikashikiliwa wazi, kaka wa pili akachukua mpini akazungusha. Mara ya kwanza hamna kitu. Mara ya pili hamna kitu. Fundi akalegeza nati ya bomba la dizeli, hewa ikatoka, akakaza. Mara ya tatu flaiwili ziliposhika kasi akaachia valvu, ikapiga moja. Ikanyamaza kidogo, mpaka nikadhani imekufa. Ikapiga ya pili, ya tatu, halafu ikaendelea.

Moshi upo. Fundi ameuangalia huo moshi kwa sura ya mtu aliyefiwa. Baada ya robo saa umepungua, sasa ni wa bluu mwepesi tu.

Yule mama wa kasha tumemfuata kwa gari. Hakushuka. Alifungua kioo akasikiliza, akasema mkanda usogezwe mbali na watoto.

Kaka mkubwa ameacha kucheka, anauliza slivu ni shilingi ngapi.

Bado natafuta mpini wa kuwashia wa kwake, huu tumechongesha. Mwenye nao aseme.

Dizeli_Baridi
22 Desemba, saa 2:02 usiku

Aisee!!! Hongera dada. Nipo njiani kesho naja na Series III kuiona.

Mchuuzi wa Chuma
22 Desemba, saa 2:20 usiku

Mpini ninao. Ulikuwa kwenye lundo, nilidhani wa kusagia mawe. Huu siuzi, Dizeli_Baridi apitie Unga Limited kesho auchukue.

Mzee wa Tengeru
22 Desemba, saa 2:41 usiku

Mwanangu, mimi miguu haipandi tena huko. Kesho ukiiwasha nipigie simu. Usiongee chochote, weka simu karibu na ekzosi, kama hatua tano hivi, uiache.

Kitindamimba
22 Desemba, saa 2:44 usiku

Saa nne asubuhi, mzee wangu. Chaji simu.